Siku moja maishani mwangu: cherehani barazani, sufuria jikoni, Dodoma

Saa 11:20 alfajiri

Baridi ya mwisho wa Juni hapa Dodoma haimwonei huruma mtu wala unga. Unga wa maandazi niliukanda jana usiku, nikaufunika kitambaa na sahani juu. Nimeukuta vilevile, umejikunyata chini ya bakuli. Kwetu Tanga saa hizi ungekuwa umeshainua sahani. Hamira haina kosa, inataka joto tu, na jiko letu usiku wa kipupwe halina joto la kumpa mtu. Naliweka bakuli ndani ya beseni la maji ya vuguvugu, natupia kanga juu, naliacha lifanye kazi.

Uji leo ni wa binti yangu mkubwa. Shule zimefungwa, na mama yao amesema likizo hii lazima ajue kupika vitu vitatu bila kusimamiwa. Mimi nimekaa pembeni nahesabu vifungo vya mashati. Maji yamechemka, naye akachukua unga wa uwele mkavu, akaumwaga humohumo. Sikuwahi hata kufungua mdomo. Madonge!

"Baba, si tunachuja tu?"

Tukachuja. Nusu ya unga ikabaki kwenye chujio, kilichopita chini kikawa maji ya rangi ya kijivu. Nikamwonyesha: unga kwanza kwenye kikombe cha maji baridi, koroga mpaka ulainike, ndipo umimine taratibu kwenye maji ya moto huku mkono mwingine haupumziki. Sufuria ya pili ilitoka nzuri. Madonge wameyala kuku wa jirani, na nadhani ndio waliofaidi kuliko wote.

Saa 1:15 asubuhi

Unga umepanda. Sasa mafuta.

Huku tunatumia alizeti, maana Singida na Dodoma ndiyo nchi yake, na msimu huu wa mavuno mafuta yanatoka mashineni yakiwa bado na harufu ya mbegu. Kwa kuunga mboga sioni mfano wake. Kwa kuchomea maandazi yana tabia zake: yale ambayo hayajasafishwa huwahi kutoa moshi, na ukitumbukiza kitu chenye unyevu yanapanda povu mpaka ukingoni. Mwaka wa kwanza hapa nilidhani nimeuziwa yaliyochanganywa na sabuni. Sasa natumia karai kubwa, mafuta hayafiki nusu, moto wa wastani, maandazi manne manne. Awamu ya kwanza povu lilipanda, mdogo akashangilia, likashuka. Awamu ya pili yalivimba yenyewe, ukilipasua moja unakuta uwazi katikati na mvuke wa iliki unakupiga puani. Hapo ndipo mtu anajiona mpishi.

Saa 2:05

Mama watoto amerudi. Ni muuguzi, wiki hii yuko zamu ya usiku. Amekula maandazi matatu akiwa amesimama, kaniambia, "Haya yamekubali," akaenda kulala. Kuanzia sasa nyumba nzima tunanong'ona, isipokuwa cherehani.

Saa 2:30 hadi saa 4

Sare za shule. Kila mzazi wa Nkuhungu amekumbuka leo kwamba shule zinafunguliwa. Sina la kusimulia hapo: sketi za marinda, suruali za kaki, mama mmoja anayetaka ya mwanawe iwe kubwa "akue nayo" mpaka darasa la saba. Tukaendelea.

Saa 4:20

Nimekimbia sokoni Majengo kwa bajaji. Nyanya, vitunguu, karanga za mwaka huu ambazo bado zina vumbi la shambani, na perege wa Mtera. Samaki wa bwawa la Mtera wanafika hapa wabichi ukiwahi. Nafunua mashavu kwanza: yakiwa mekundu nanunua, yakiwa ya kahawia naulizia bei kwa adabu tu na kuondoka. Leo yalikuwa mekundu, nikanunua wakubwa wanne. Hela ya umeme wa luku ikaishia hapo, lakini hilo nilikuja kuligundua baadaye.

Saa 5:30

Tuzungumze maharage.

Nilipohamia Dodoma niliamini wauza maharage wote wa mji huu wamekula njama. Ninaloweka usiku kucha, nachemsha asubuhi, mchana bado yanagonga meno. Nikabadilisha muuzaji, nikabadilisha aina, nikabadilisha sufuria. Aliyenifumbua macho ni mpwa wangu wa kidato cha tatu, alipokuja likizo na daftari lake la fizikia. Anko, akasema, mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Tanga maji yanachemka kwenye nyuzi 100, hapa yanachemka kwenye nyuzi 96 hivi. Hata uongeze mkaa wa gunia zima, maji hayatazidi hapo, yatakauka tu haraka. Kwa mandazi huoni tofauti, kwa sababu mafuta hayachemki kama maji. Kwa maharage, nyuzi nne hizo ni mkaa unaopotea bure kila wiki.

Halafu kuna maji yenyewe. Fungua birika la nyumba yoyote mtaani kwetu uangalie ndani: kuna gamba jeupe, gumu, ukikwangua kwa kijiko linatoka vipande vipande kama ganda la yai. Ni chokaa. Maji yetu ni ya visima, yana madini mengi, ndiyo maana sabuni nayo inasumbua kutoa povu. Madini hayohayo hushikana na maganda ya maharage na kuyafanya yagome kulainika. Ongeza na maharage ya zamani yaliyokaa ghalani msimu mzima, basi unapika kokoto.

Dawa ziko tatu. Ya kwanza ni magadi, kidogo mno, ncha ya kijiko. Yanalainisha kweli, ila ukizidisha maharage yanapondeka na kuwa na ladha ya sabuni, na vitamini B1 inaharibika, mama watoto hapendi kabisa. Ya pili ni kutotia nyanya mapema. Uchachu wa nyanya huyakaza maharage, kwa hiyo nyanya na ndimu zisubiri mpaka yameiva ndipo uunge. Hii Tanga nilikuwa siijali kabisa. Ya tatu ni presha kuka ya umeme, ambayo tulijichanga tukanunua, na ndani yake joto linapita nyuzi 110. Hapo mwinuko wa Dodoma haukusumbui.

Nimeweka maharage kwenye presha kuka. Nimechomeka na pasi, nipige marinda.

Saa 6:05

"Baba, luku inalia."

Presha kuka na pasi kwa pamoja, uniti hazina hata muda wa kuaga. Nikashika simu, salio ni la kununulia kiberiti, maana hela iko kwenye ndoo pale, ina magamba na mapezi. Wateja watalipa jioni. Giza kwenye mita, kimya jikoni, na maharage yamefungiwa ndani ya presha nusu mbichi.

Mfuniko wa presha kuka haufunguki mvuke ukiwa ndani, nao una haki yake. Nikageuza ile valvu kwa mwiko, nimesimama mbali kama ninavyomfundisha binti. Ikapiga mluzi ambao nadhani ulisikika mpaka Chang'ombe. Mlango wa chumbani ukafunguliwa.

"Kuna nini?"

"Maharage, mama watoto. Lala tu."

Nikayahamishia kwenye sufuria, jiko la mkaa nje, upepo wa saa sita umeshaamka. Upepo huu wa kipupwe unakula mkaa ukiuangalia. Nimezungushia jiko bati kuukuu upande wa mashariki, unakotokea. Mgao wa mkaa ukawa wa maharage, na chakula cha mchana kikahitaji mpango mwingine.

Saa 7:40 mchana

Mpango mwingine una jina: Bibi wa nyumba ya tatu. Ni Mgogo wa Mvumi, anaishi na mwanawe, na kila nikikwama jikoni anajua kabla sijasema.

"Shikamoo Bibi."

"Marahaba fundi. Mbukwa! Nimesikia kitu kinalia kwako nikadhani gari moshi."

Amekuja na kifuko cha mlenda mkavu, wa kuchumwa wakati wa mvua, ukaanikwa, ukatwangwa. Watu wa pwani wakisikia mlenda wanafikiria bamia. Huu ni majani ya porini, na huku mvua ikikata mwezi wa nne au wa tano hakuna mboga ya majani ya kuchezea mpaka Desemba, ndiyo maana kila mama wa Kigogo ana akiba yake ndani ya mtungi. Hii ndiyo friji yao, na haili uniti.

Bibi hapimi kitu. Maji kidogo yachemke, chembe ya magadi, nyanya moja iliyosagwa kwa vidole, kisha unga wa mlenda unanyunyizwa huku anapekecha kwa upekecho, viganja vikizungusha kijiti mbele na nyuma. Ukiangalia kwa karibu unaona mchuzi unabadilika ndani ya sekunde chache: kwanza maji yenye majani, kisha ghafla unaanza kuvutika na kung'aa. Akafunga na karanga zilizotwangwa, akaepua papo hapo. Nilitaka kuuacha uive zaidi, akanipiga kofi la mkononi. Ukikaa motoni sana unapoteza utelezi, na mlenda usioteleza, kwa maneno yake, ni dawa ya mbuzi.

Ugali nikasonga mimi, wa uwele. Hapa nina maoni makali: msinunue unga wa uwele wa mwezi mzima. Uwele una mafuta ndani yake, na ukishasagwa unga hauchelewi kuchacha na kuwa mchungu. Wazee wanaweka nafaka nzima ghalani, wanasaga ya siku chache. Nasaga kilo mbili mbili, mwenye mashine ananicheka, mimi namwachia acheke. Ugali ukatoka wa kijivu, laini, una harufu ya nafaka mpya. Mwanangu mdogo amejifunza kukata mlenda kwa kidole shahada kabla haujafika kidevuni. Mkubwa bado.

Saa 10:15 alasiri

Mama yangu alinitumia nazi tano kwa basi kutoka Muheza. Nimezitunza kwa ajili ya wale perege, mtu wa Tanga na samaki wa nazi hamuachanishi. Ukiitikisa nazi usiposikia maji, achana nayo. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tatu ilisikika, nikaivunja kwa matumaini, maji yakatoka na harufu iliyomwondoa paka barazani. Ya nne iliota. Mdogo akachukua kile kitu cheupe kilichojaa ndani kama sifongo, akakila chote, akasema nizilete kila wiki. Ya tano nilipata kipande cha kukuna, tui lake nusu kikombe, lingetosha kulainisha wali tu.

Basi karanga. Kwa kweli, nikisema hivi Tanga watanifuta ukoo: nimemzoea perege wa karanga kuliko wa nazi. Tui la nazi linakatika ukiliacha lichemke bila kulikoroga, hasa ukiwa umeweka ndimu. Mchuzi wa karanga haukatiki kirahisi, ila unashika chini. Kila jiko lina deni lake.

Saa 11:30 jioni

Samaki nimeshawakausha kidogo kwenye mafuta ili wasivunjike. Kitunguu, nyanya, bizari, karanga zilizosagwa zimelainishwa kwa maji pembeni. Nakoroga, nakoroga. Mteja wa suruali za kaki akafika na hela mkononi, na mtu mwenye hela mkononi huwezi kumwambia ngoja mchuzi. Nikampa binti mwiko.

"Usisimame. Ukisimama tu, unaungua."

Nikarudi, harufu ileile ninayoijua imeshaanza. Binti alikuwa amesimama anamwangalia paka. Nikashusha sufuria, na hapa ndipo namwomba kila mtu asikie: usikwangue chini! Ukikwangua umekwisha, uchungu wote unapanda. Mimina kilicho juu kwenye sufuria nyingine, acha gamba lililoungua hukohuko. Tukamimina taratibu, nikaongeza maji ya moto kidogo, nikawalaza samaki ndani, moto mdogo. Tukaonja sote wawili kwa kijiko kimoja. Hauna hata alama ya kuungua. Binti akashusha pumzi, na mimi nikanunua luku.

Saa 1:20 usiku

Wali wa mchele wa Bahi, ule wenye nusu kikombe cha tui, na perege. Mama watoto ameamka, amevaa sare yake, amekula bila kuzungumza, na kwake kimya ni tuzo. Kisha akafunua sufuria ya nje.

"Na haya maharage?"

Nikabonyeza moja kati ya vidole viwili. Likapondeka. Saa saba zimepita tangu presha kuka izimike, ila limepondeka. Ndipo nikaunga: kitunguu, karoti, nyanya mwisho kabisa, chumvi.

Akaniomba nimwekee kwenye hotpoti na maandazi yaliyobaki, wale wenzake wa zamu wanakula saa 6 usiku. Nikamuuliza niongeze na mlenda, upo bado.

"Mlenda ubaki hapahapa. Mara ya mwisho ulifika kazini umeshatoka kwenye hotpoti, uko kwenye pochi."