Elfu sita, au elfu nne

Juzi asubuhi binti yangu alikuwa anavaa sweta, kidole kikanasa ndani ya mkono. Akalivua, akaligeuza nje ndani, akaziangalia zile nyuzi zinazokatiza huko nyuma. "Mama, mbona huku halijamalizwa?"

Nilicheka hadi baba yake akatoka bafuni na povu la sabuni. Kuna mama mmoja pale soko la Njombe aliwahi kuuliza swali hilo hilo, ila yeye alikuwa na hela mkononi.

Njombe ilikuwa bado wilaya ya mkoa wa Iringa. Likizo ya Juni, nimepelekwa kwa shangazi kama kawaida, na baridi ya kule anayeijua anaijua: saa nne asubuhi ukungu bado umelala juu ya miti ya miwati, watu wanasalimiana "kamwene" mikono ikiwa kwapani. Shangazi alikuwa anafuma masweta ya watoto. Uzi mweupe ananunua dukani, bluu iliyokoza anaipata kwa kufumua masweta ya mtumba, anaufua, anautundika na jiwe chini ili ule mkunjo unyooke.

Mimi alinianzisha na mistari. Mistari miwili ya bluu, miwili ya nyeupe, kila mara miwili, kwa sababu ukienda na kurudi uzi unaukuta pembeni pale pale ulipouacha, hukati wala hufungi fundo. Hiyo hata mtoto anaiweza. Kazi ilikuwa kwenye kifua, kwenye yale maua ya pembe nne, ambapo rangi zote mbili zinatembea ndani ya mstari mmoja. Donge la bluu kulia kwangu, donge jeupe kushoto, na ole wako uyabadilishe. Bluu inapita juu, nyeupe inapita chini, mwanzo hadi mwisho. Ukichanganya, nyuzi zinajisokota na kutwa nzima unakuwa mtu wa kuzitatua tu. Rangi inayosubiri haikatwi, inapita nyuma. Ikishapita vitanzi vinne hivi, unaibana kidogo kwa ile nyingine ili isining'inie ndefu, kisha unaendelea.

Na usivute. Hilo alilisema kuliko salamu. Kabla ya kubadili rangi alinitaka nivitandaze kwanza vitanzi kwenye sindano ya kulia, ndipo uzi wa nyuma upite kwa urefu wake. Uzi ukivutwa, kifua kinakunjamana na kichwa cha mtoto hakipiti. Jioni alikuwa anachukua kazi yangu, anaitanua kwa mikono miwili, anasikiliza kabisa, kama fundi redio. Ikigoma kutanuka, hasemi kitu. Anachomoa sindano tu.

Sweta lilipokwisha, mikono na pindo ni kazi yangu, kifua chake, tukalipeleka sokoni Jumamosi.

Yule mama alilipenda tangu mbali. Alilipima kwenye mgongo wa mwanawe, akauliza bei. Elfu sita. Akaanza kufungua kitambaa chake cha hela huku mkono mwingine unaligeuza sweta ndani, na nikauona uso wake unabadilika.

"Huku mbona halijaisha? Manyuzi yote haya! Chukua elfu nne."

Shangazi akalichukua, akaweka kiganja chake ndani ya kifua cha lile sweta. "Hebu weka mkono wako hapa." Yule mama akauweka. "Sasa weka hapa mkononi, penye rangi moja." Akauweka na huko. "Wapi kuna joto? Hizo unazoziita manyuzi zinamkaa mtoto kifuani. Hapo umenunua masweta mawili."

"Haya," yule mama akasema, wala hakufikiria, "niuzie hilo moja la mbele."

Wauza viazi wa jirani walicheka, mmoja akapiga makofi. Hata mimi nilicheka, nikanyamaza nilipomwona shangazi. Hakukasirika. Alikuwa analikunja lile sweta polepole, mkono wa kwanza, mkono wa pili, pindo, kama vile hakuna mtu mbele yake. "Elfu sita, mama." Nyumbani sukari ilikuwa imekwisha, na nauli yangu ya kurudi ilikuwa inategemea hiyo hiyo elfu sita. Yule mama akasubiri kidogo, na sisi tukasubiri. Kisha akapita kwenye mitumba, na tulimwona akirudi na sweta jekundu, kuukuu, halina hata uzi mmoja nyuma.

Njiani nilinuna. Shangazi aliimba wimbo wa kanisani mpaka nyumbani, na nauli ikapatikana kwa kuuza jogoo.

Nimewahi kulizungusha jambo lile kichwani nikampa yeye haki, na siku nyingine nikampa haki mama wa elfu nne, maana mwanawe alikuwa anatetemeka kweli. Na ule utani wake, lazima tukubali, ulikuwa mzuri. Siku hizi nami nauza masweta, mojamoja, kwa watu wa ofisini. Mteja akigeuza ndani na kukunja uso, nampunguzia elfu tatu kabla hajafungua mdomo.

Shangazi akinipigia simu, huwa ananiuliza nayauza bei gani. Namtajia ile ya kwanza.