Inategemea, Baba

Tangu Jumanne nabishana na mtu ambaye hayupo. Ni yule mzee wetu wa Engare Sero, mnamfahamu, anayetulindia kituo cha GPS chini ya mlima wa volkano, Ol Doinyo Lengai. Tulikwenda kubadilisha betri. Vichwa vya ile ya zamani vilikuwa vimeota ukoko mweupe, paneli ya sola imejaa vumbi na kinyesi cha ndege, nami nimepiga magoti naifuta kwa kanga (mama, si ile uliyonipa). Yeye kaegemea fimbo, ananitazama.

"Binti yangu, hicho kinasikia nini?"

"Mlima ukivimba, Baba. Hata milimita chache."

"Ukivimba unalipuka?"

"Si kila mara. Pengine unavimba, unatulia."

"Sasa ukilipuka, nyinyi mtafurahi au mtalia?"

"Inategemea, Baba."

"Haya," akasema, akafuata mbuzi wake.

Ile "haya" ndiyo iliyoniuma. Angebisha, ningemweleza. Ningemwambia hakuna volkano nyingine hai duniani inayotoa lava kama hii: nyuzijoto 500 na ushee tu, karibu nusu ya lava za kwingine, nyeusi na nyepesi kama oili chafu, halafu haichukui muda imegeuka nyeupe. Kila mtu wa fani yangu anatamani kuwa na vipimo vizuri siku mlima utakapobadilisha tabia, kama 2007. Julai ile ardhi ilitikisika hadi Nairobi watu wakakimbia kutoka maghorofani. Septemba ukalipuka, na majivu yakaendelea hadi 2008. Sisi tuna rundo la makala kuhusu miezi ile. Yeye ana malisho yaliyofunikwa majivu, na ng'ombe aliowaswaga usiku bila kujua anawapeleka wapi.

Na jibu langu ni sahihi, ndiyo maana linakera. Inategemea unalala wapi. Mimi nalala Arusha.

Basi wiki ikaenda hivyo. Mkataba wangu umeongezwa mwaka, mama katolewa mtoto wa jicho na sasa anaona hadi vumbi juu ya kabati la dada, ile makala iliyonitesa imekubaliwa, na mimi niko kwenye daladala namjibu mzee upya. "Tutalia, Baba." Uongo. "Tutafurahi tukiwahi kuwaambia mhame." Hili lina ukweli, ila linanuka semina.

Jana jioni akapiga mwenyewe. Nikapokea nimesimama.

"Binti yangu, chombo chako kimewasikia mbuzi wangu?"

Kumbe vitoto viwili vya mbuzi vimeruka uzio wa miiba, vikapanda kwenye paneli, vikalala hapohapo. Nikafungua kompyuta. Kweli bwana, chaji ilishuka ghafla saa tisa na nusu, ikapanda tena baada ya saa kumi.

"Nimewaona, Baba! Umewafukuza saa kumi na dakika tano."

Akacheka hadi akakohoa, akamwita mkewe aje asikie kwamba Arusha wanawaona mbuzi. Nikacheka naye hadi salio lake likaisha. Lile swali hakuligusa, na mimi sikumkumbusha.

Sasa hivi dada ameandika kutoka Moshi: umeme umekatika tangu mchana, na matone ya jicho la mama daktari alisema yakae kwenye friji. Yakilala nje usiku mmoja yanaharibika? Duka la dawa limeshafungwa, na mama anasema ataweka tu hivyohivyo.