Upepo Hafifu Mtera

Mashindano ya mitumbwi ya matanga tuliyofanya Jumamosi katika Bwawa la Mtera, linalokusanya maji ya Ruaha Mkuu na Kisigo, yalinithibitishia kwamba upepo hafifu humpima nahodha kuliko upepo mkali. Mimi na mwenzangu tuliketi upande wa demani, yaani usioelekea upepo, mbele kuliko kawaida, ili chombo kilalie huko, tanga lishike umbo kwa uzito wake lenyewe, na tezi, yaani sehemu ya nyuma ya chombo, iinuke isikokote maji. Usukani niliushika kwa vidole viwili, kwani mgeuko wa ghafla huua mwendo, na kuurudisha ni kazi kubwa. Macho yetu yalitafuta mabaka meusi ya viwimbi, dalili ya upepo unaokuja. Waliobishabisha ovyo, yaani kugeuzageuza chombo kuukabili upepo, hawakutufikia.