Mdogo wangu njo alipaswa kwenda

Mwaka 2023 nilikaa miezi sita Kisumu, Kenya, najitolea na kikundi cha viziwi, na kila mtu hapa Goma akiniuliza ilikuwaje namjibu ilikuwa vizuri sana, na ni kweli, ila kuna kitu kimenikaa rohoni tangu siku ya kwanza na leo nakiandika.

Mdogo wangu ni kiziwi. Homa ya uti wa mgongo ilimpata akiwa na miaka minne. Nyumbani tulikuwa tunamuongelesha kwa ishara za jikoni tu, kula, lala, kuja, toka, mpaka alipoingia shule ya viziwi akarudi na lugha nzima mikononi, na yeye njo alinifundisha, jioni baada ya jioni, akinipiga kofi dogo kwenye vidole nikikosea.

Sasa ile Jumamosi ya 22 Mei 2021, mlima wa moto wa Nyiragongo ulipotapika, watu wa Goma si mnakumbuka. Mbingu nyekundu aliiona kama sisi wote. Lakini moto unaelekea wapi, barabara gani imekatika, tukimbilie Gisenyi ng'ambo ya Rwanda ama Sake, hiyo yote ilikuwa sauti: radio, simu, majirani wanapiga kelele gizani. Alafu tarehe 27 tangazo la kuhama likatoka mapema asubuhi, na hapo hakukuwa hata na kitu cha kuona, ni maneno tu ya redioni. Aliamshwa na mkono wangu begani. Nikawa najiuliza, na wale viziwi wanaolala peke yao wameamshwa na nani?

Hiyo njo ilitufanya tuombe, wote wawili, shirika moja lilipotafuta watu wa kujitolea nje. Fomu ilikuwa na mstari unaosema muombaji awe na uwezo mzuri wa kuongea kwa simu. Yeye akakataliwa mimi nikachukuliwa, na kazi yenyewe ilikuwa kusaidia viziwi! Nilipaswa kuandika barua siku ile ile. Sikuandika. Nilifunga begi nikaenda.

Nikavuka Petite Barrière, mpaka wetu na Rwanda, asubuhi, kati ya wale wafanyabiashara wenye ulemavu na vigari vyao vya mkono vimejaa mizigo mpaka juu, watu ambao wanalisha familia pale mpakani miaka na miaka bila kungoja semina ya mtu, alafu basi mpaka Kigali, Kampala, Busia, Kisumu. Nilidhani naenda na lugha tayari. Kumbe hapana. Ishara za mdogo wangu zina mizizi ya Marekani, kama shule nyingi za viziwi Afrika ya Kifaransa, na anatahajia maneno ya Kifaransa kwa vidole, wao wana lugha yao ya Kenya. Tulikuwa tunakutana hapa na pale, tunapotezana pengine, kama vile Kiswahili changu cha Goma kilivyowashangaza sokoni Kibuye. Mama mmoja kiziwi, mwenyekiti wa kikundi, alinikalisha wiki tatu nzima nijifunze kwanza kabla ya kunipa kazi yoyote. Alikuwa na haki kabisa.

Na nilijifunza vitu ambavyo hakuna mafunzo ya ofisini yalinipa. Viti vinapangwa duara ili kila mtu aone mikono ya kila mtu. Mkalimani hakai mbele ya dirisha, mwanga ukimpiga mgongoni mikono yake inakuwa kivuli tu. Umeme ukikatika usiku, mkutano umekufa, kwa hiyo tochi ni kifaa cha kazi, iwekwe kwenye bajeti. Katiba yao ya 2010 imeweka lugha ya ishara ya Kenya kuwa moja ya lugha rasmi za Bunge, pamoja na Kiswahili na Kiingereza, na wale mama walikuwa wananikumbusha hilo kwa fahari, vidole vinaruka.

Yule mwenyekiti njo alinielezea habari za Andrew Foster, Mmarekani mweusi, kiziwi tangu miaka 11 kwa ugonjwa ule ule wa mdogo wangu. Mwaka 1957 alifungua shule ya viziwi Ghana, na mpaka anakufa alikuwa ameanzisha zaidi ya 30 Afrika. Alikufa kwenye ajali ya ndege tarehe 3 Desemba 1987 karibu na Gisenyi, hapa hapa kwa jirani, na mimi nimekulia ng'ambo ya mpaka sikuwahi kusikia. Mtu aliyetoka mbali kuja kufundisha viziwi wa Afrika alikuwa kiziwi mwenyewe. Leo angejaza ile fomu wangemrudisha.

Na Kongo tumeingia kwenye mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu tangu 2015, kifungu cha 32 kinasema ushirikiano wa kimataifa na miradi yake iwe wazi kwa watu wenye ulemavu. Kujitolea nje ni ushirikiano huo huo. Sasa barua nimeiandika, nimechelewa lakini nimeandika, naomba ule mstari wa simu utolewe, na kikundi cha Kisumu nacho kimeandika kwamba kinamtaka yeye. Tunangoja jibu.

Wakati huo, kila Jumapili jioni anaongea na yule mama kwa video, wanafundishana, Goma na Kisumu, wanabishana, wanacheka. Mimi nawashikia simu tu, maana yeye anahitaji mikono yote mbili.