Maji Yanapita Wapi?

Kompyuta ilimaliza kuikokotoa picha ya mlima niliouunda kwa hesabu saa 11 alfajiri ya Jumamosi. Ilikuwa imechukua saa tisa, nami nilisinzia kitini nikiisubiri. Nilipofumbua macho mlima ulikuwa umejaa kioo kizima: vilele vinne, theluji, majabali, ziwa chini, anga la buluu. Wiki tatu za kazi. Jumatatu asubuhi ilitakiwa iende kwenye jalada la kalenda.

Kulipopambazuka nikampigia simu mzee mmoja aliyenilea katika kazi hii, naye akaja. Alikuwa amechora ramani maisha yake yote, kontua, ile mistari ya mwinuko, moja baada ya nyingine kwa kalamu ya wino, kabla kazi hiyo haijahamia kwenye kompyuta. Nilitaka macho yake, na kusema kweli nilitaka pia anisifu.

“Shikamoo, mzee.”

“Marahaba, mwanangu. Hebu tuone.”

Akapandisha miwani kwenye paji la uso, akasogea karibu na kioo, akanyamaza muda mrefu. Kisha akaweka kidole kwenye bega la kilele cha kushoto. “Mvua ikinyesha hapa, maji yanapita wapi?”

Nikafuata kidole chake. Kiliteremka kidogo, kikaangukia kwenye shimo, kikakwama. Akakihamishia kilele cha pili: kikateremka, kikagonga tuta lililokata njia. Cha tatu hivyo hivyo. “Mlima huu haujanyeshewa hata siku moja,” akasema. Hakuwa anakejeli. Alikuwa anasikitika, kama mtu anayemwona mtoto hajapewa chakula.

Mlima wangu ulikuwa wa fraktali, yaani umbo linalojirudia ndani yake kwa ukubwa tofauti, neno ambalo mwanahisabati Benoit Mandelbrot alilianzisha mwaka 1975. Unachukua mawimbi makubwa ya mwinuko, unayajazia mawimbi ya nusu ya ukubwa na nusu ya kimo, kisha nusu ya nusu, hadi macho yaone mwamba. Mwaka 1980 mtaalamu wa picha za kompyuta, Loren Carpenter, alionyesha filamu fupi ya milima iliyotengenezwa kwa njia ya namna hiyo, na walioiona walishangilia. Mimi nilikuwa nimepanga tabaka kumi za kelele ya Perlin, yaani namba za bahati nasibu zilizolainishwa ziwe mawimbi, na kuamini kwamba nikiongeza ya kumi na moja mlima utazidi kuwa wa kweli.

Mzee alipokwenda kunawa mikono nilifanya jaribio ambalo sitalisahau. Niliifungua ramani ya mwinuko, ile picha ya kijivu ambayo weupe ni juu na weusi ni chini, nikaipindua, vilele vikawa mabonde na mabonde vilele. Nikaikokotoa upya kwa ukubwa mdogo. Ulitokea mlima mwingine, mzuri kama wa kwanza. Hapo mwili ulinisisimka. Mlima wa kweli hauwezi kupinduliwa hivyo, maana mabonde yake yameungana na kila korongo linashuka kulifuata jingine. Wangu haukujua juu ni wapi na chini ni wapi.

Njia ya kuumomonyoa mlima ndani ya kompyuta ilikuwepo miaka mingi. Ken Musgrave, mtaalamu wa milima ya fraktali, na wenzake waliichapisha mwaka 1989. Programu yangu ilikuwa nayo pia, ila sikuwahi kuigusa kwa sababu iliharibu vilele nilivyovipenda. Siku ile niliviachia. Unadondosha matone, maelfu kwa maelfu. Kila tone linafuata mteremko mkali kuliko yote ulio jirani nalo, likienda kasi linachota udongo, mteremko ukilegea linautua. Nililala nikayaacha yafanye kazi. Kulipokucha kilele cha kushoto kilikuwa kimepungua, kweli, lakini ubavuni mwake makorongo membamba yalikuwa yanaungana mawili mawili kama mishipa ya jani, na mdomoni mwa kila korongo kubwa kifusi kilikuwa kimetandazwa kama upepeo. Sikuchora hata mstari mmoja wa hayo. Nilikaa nikiutazama upepeo mmoja tu kwa dakika nyingi.

Ila nilipousogelea, miteremko ya chini ilikuwa ngazi tupu, kama matuta ya mashamba yaliyopimwa kwa rula. Nikatafuta kosa asubuhi nzima. Kumbe nilikuwa nimehifadhi ramani ya mwinuko kwa biti 8, yaani daraja 256 tu. Kwa mlima wa mita 2,560, kila daraja ni mita 10! Nikairudia kazi kwa biti 16, daraja 65,536, kila moja ikawa kama sentimita 4. Ngazi zikatoweka.

Theluji haikunisumbua sana. Niliiondoa kwenye magenge, ambako haikai, nikaiacha kwenye sehemu bapa za miamba. Vivuli vyake vilikuwa vyeusi. Nikavipa mwanga wa anga, vikawa vya buluu, kwa kuwa penye kivuli theluji huangazwa na anga peke yake.

Kilichobaki kilikuwa ukubwa, maana mzee alikuwa amesema pia, akiwa mlangoni, kwamba mlima unaonekana kama kichuguu. Dawa yake ni hewa. Nilikuwa nimeweka ukungu mweupe, sawasawa kila mahali. Hewa halisi hutawanya zaidi mwanga wa buluu, kwa hiyo vitu vyeusi vilivyo mbali ndivyo vinavyoanza kugeuka buluu: misitu na vivuli, huku theluji ya mbali ikibaki angavu na kuingia unjano kidogo. Leonardo da Vinci aliandika juu ya buluu hiyo ya umbali karne tano zilizopita. Niliporekebisha hilo, kilele cha nyuma kilirudi nyuma kweli. Nilihisi kama chumba kimepanuka.

Jumapili jioni mzee alikuja tena. Nilimwonyesha picha ndogo ya majaribio. Hakusema neno, akaweka kidole palepale, bega la kushoto. Kikateremka korongo dogo, kikaingia kubwa, kikapinda kwenye jabali, kikapita juu ya upepeo wa kifusi, kikafika ziwani. Akatabasamu. Kidole kikazunguka ukingo wa ziwa taratibu, kikarudi kilipoanzia.

“Na kutoka humu yanakwenda wapi?”

Nilimvutia kiti aketi kando yangu, nikaifungua tena ramani ya mwinuko.