Siku moja maishani mwangu: kuanzia asubuhi hadi jioni kwenye maabara ya mwendo

Saa 1:00 asubuhi. Hapa tunapima jinsi wagonjwa wanavyotembea. Kamera na mabamba ya kani (kani ni nguvu ya kusukuma au kuvuta) huwashwa kwanza, kisha huachwa yapate joto kwa nusu saa. Kifaa kikiwa bado baridi vipimo vyake huhama taratibu, na kosa hilo halionekani kwenye skrini. Chumba kina njia ya kutembelea ya mita 10, kamera 10 za infraredi (mwanga usioonekana kwa macho) zimezunguka kuta, na mabamba mawili ya chuma yamefukiwa usawa wa sakafu. Kamera zinarekodi jinsi mwili unavyosogea, mabamba yanapima jinsi sakafu inavyousukuma mwili. Biomekanika, yaani elimu ya mwendo na kani za mwili, inaanzia pale hivyo viwili vinapounganishwa, kwa sababu mwendo mtu anauona kwa macho yake, kani haioni.

Mapazia yote hufungwa. Mwanga wa jua ukigonga sakafu, kamera huuchukulia kuwa alama, yaani kimoja cha vigololi vinavyobandikwa mwilini ili kamera zivifuate. Saa za mkononi, mikufu na raba zenye utepe unaong'aa huleta kosa lilelile.

Saa 1:30. Kusawazisha. Fimbo yenye umbo la T, ambayo umbali kati ya alama zake unajulikana, hupungwa hewani katika eneo lote la kupimia. Kosa la kila kamera lisizidi milimita 1. Wanaojifunza hupunga usawa wa kifua na kusahau chini, halafu mchana wanashangaa alama za visigino zinapotea. Mabamba nayo hurudishwa kwenye sifuri yakiwa hayana mtu juu, kisha mmoja wetu anasimama: mtu wa kilo 70 lazima asome karibu niutoni 687 (niutoni ni kipimo cha kani; uzito wa kilo 1 ni karibu niutoni 10). Akisoma 660, hapimwi mgonjwa yeyote mpaka sababu ijulikane.

Saa 2:30. Alama ni vigololi vya milimita 14 vyenye ngozi inayoakisi mwanga, vinavyobandikwa kwa gundi ya pande mbili. Kwa miguu tunatumia 16. Mfupa hutafutwa kwa kidole: ncha mbili za mbele za fupanyonga, vishimo viwili vya mgongoni juu ya makalio, upande wa nje wa goti, kifundo, kisigino, na kichwa cha mfupa wa kidole cha pili. Ya goti ndiyo inayoharibu kazi za watu wengi. Ikisogea sentimita 1 mbele au nyuma, kompyuta hukosea mhimili wa goti, na grafu inaonyesha goti likipinda kando kwa nyuzi 15 wakati mguu uko hewani. Goti lenye afya haliwezi kufanya hivyo. Ukiona mchoro wa namna hiyo, mwache mgonjwa, rudi kwenye alama.

Saa 3:00. Bibi mwenye maumivu ya nyonga ya kulia, kilo 60. Anaingia ameshika mkongojo mkono wa kulia, kama wafanyavyo wengi.

“Bibi, naomba mkongojo uhamie mkono wa kushoto.”

“Lakini mjukuu wangu, mguu unaoniuma ni wa kulia.”

Hesabu yake tunaifanya pale pale, maana ndiyo hesabu yenye faida kuliko zote katika kazi hii. Bibi akisimama kwa mguu wa kulia peke yake, nyonga hiyo inabeba uzito wa mwili wote ukitoa mguu wenyewe, yaani takriban niutoni 490. Uzito huo unapita kama sentimita 10 ndani ya kiungo, upande wa katikati ya mwili. Msuli wa kando ya nyonga, unaozuia fupanyonga lisianguke kushoto, unavuta kwa umbali wa sentimita 5 tu. Kwa kuwa umbali wake ni nusu, lazima uvute mara mbili: niutoni 980. Kiungo kinabanwa na vyote viwili, jumla niutoni 1,470, yaani mara mbili na nusu ya uzito wa bibi mzima. Kabla hajakimbia wala kupanda ngazi.

Mkongojo ukiwa mkono wa kushoto, uko kama sentimita 40 kutoka kwenye nyonga inayouma. Akiugandamiza kwa niutoni 50 tu, sawa na kilo 5, msuli unabaki na kazi ya niutoni 580, na mbano wa kiungo unashuka hadi 1,020 hivi. Kilo 5 za mkono zimeondoa zaidi ya kilo 45 kwenye nyonga. Ukiwa mkono wa kulia, msukumo wake unapita upande wa nje wa kiungo na haumsaidii msuli hata kidogo. Nafuu pekee anaipata kwa kulaza kiwiliwili kulia, na hapo ndipo mgongo unapoanza kuuma. Mwitaliano Giovanni Alfonso Borelli aliliona jambo hili katika karne ya 17: misuli hufanya kazi kwa wenzo mfupi, yaani huvuta karibu sana na kiungo, kwa hiyo kani zake ni kubwa kuliko mzigo unaoonekana.

Mkongojo wenyewe hukatwa mpini ufike kwenye mkunjo wa kifundo cha mkono, mkono ukiwa umening'inia na viatu vimevaliwa. Mpira wa chini ukiisha, ubadilishwe.

Saa 5:00. Mkimbiaji, maumivu ya mbele ya goti. Huyu anapimwa haraka. Kwenye kukimbia sakafu hurudisha kani ya takriban mara mbili na nusu ya uzito wa mwili kila mguu unapotua. Mguu wake unatua mbali mbele ya mwili, goti karibu limenyooka, hatua 158 kwa dakika. Tunampa mlio wa kufuata wa hatua 168, kasi ileile. Mguu unatua karibu zaidi chini ya mwili, mzigo wa goti unapungua. Kuongeza asilimia 5 hadi 10 kunatosha. Zaidi ya hapo anachoka bure.

Saa 7:00 mchana. Chakula, kisha kuchuja data. Alama hutikisika pamoja na ngozi, na pajani ngozi inaweza kuteleza zaidi ya sentimita 2 juu ya mfupa. Kwa kutembea tunachuja kwa hezi 6, yaani mitikisiko inayozidi mara 6 kwa sekunde huondolewa. Ukichuja chini mno, kilele cha grafu pale kisigino kinapogonga sakafu kinafutika.

Saa 8:00. Mtoto wa miaka 9 mwenye mtindio wa ubongo, anatembea kwa vidole. Barua aliyokuja nayo inauliza kama kano ya kisigino irefushwe. Swali hilo haliwezi kujibiwa kwa kumtazama akitembea.

Kitandani kwanza. Goti limenyooshwa, unyayo umegeuzwa kidogo ndani ili katikati yake pasilegee na kudanganya, tunausukuma juu polepole: unapita pembe mraba kwa nyuzi 5. Goti likikunjwa, unafika 15. Kano si fupi. Kisha paja limesimamishwa wima, tunanyoosha goti: linakwama likiwa limebakiza nyuzi 60. Misuli ya nyuma ya paja ndiyo iliyokaza.

Sasa anatembea, peku, mara nyingi kadiri inavyohitajika kupata kila mguu mara 5 kwenye bamba kwa usafi. Hatumwambii bamba liko wapi. Mtoto akijua, atalilenga na kufupisha hatua, na kipimo kitakuwa cha mwendo ambao nyumbani hautembei. Mama yake anasimama mwisho wa njia na kumwita.

Saa 10:00 jioni. Grafu. Kifundo kiko karibu na sifuri wakati wote mguu uko chini, yaani unyayo na muundi vimefanya pembe mraba kabisa. Lakini goti limekunjwa nyuzi 35, na halinyooki. Goti likiwa hivyo, muundi umelala mbele. Unyayo wenye pembe mraba hauna namna ila kisigino kiinuke. Anatembea kwa vidole kwa sababu ya magoti.

Kwenye ripoti tunaandika hilo bila kuzunguka: kano ya kisigino isiguswe. Misuli ya kigimbi ndiyo inayoushikilia muundi usianguke mbele. Ikirefushwa bila sababu inadhoofika, magoti yanazidi kukunjika, kani ya sakafu inapita nyuma zaidi ya goti, na misuli ya mbele ya paja inachoka kumzuia mtoto asikae chini. Hali hiyo ni ngumu sana kurudisha nyuma. Tunapendekeza kunyoosha misuli ya nyuma ya paja kila siku, kifaa cha plastiki kigumu chenye ukingo wa mbele wa muundi ili kani ya sakafu isaidie kunyoosha goti, na kipimo kingine baada ya miezi 6, alama zikibandikwa na mtu yuleyule.

Nakala moja kwa daktari, nyingine kwa mama, yenye picha ya grafu ya goti na maelezo ya mistari mitatu.