Goloritzé kwa miguu

Mtu wa pwani yetu hupanga siku ya bahari kwa kuangalia mwezi. Bamvua ni lini, maji yatakupwa saa ngapi, ngalawa itaelea au italala kwenye matope. Ukifika Cala Goloritzé, kighuba kilichobanwa na majabali upande wa mashariki wa kisiwa cha Sardinia, Italia, hesabu hiyo iweke kando. Bahari ya Mediterania hupanda na kushuka kama shubiri moja au mbili tu, ilhali Mombasa na Unguja tofauti hufika mita nne siku za bamvua. Ufuo uliouona asubuhi ndio huo huo utakaouacha jioni. Huku siku hupangwa na mlima, upepo na kivuli, na anayekuja bila kuvipigia hesabu hivyo vitatu hujuta akiwa njiani kurudi.

Ufuo wenyewe ni mdogo, na mwaka wake wa kuzaliwa unajulikana. Mwaka 1962 kipande cha mlima kiliporomoka, kifusi kikaingia baharini, na mawimbi yakayaviringisha mawe hadi yakawa kokoto nyeupe, laini, nyingine kama punje ya mahindi, nyingine kama yai la kuku. Juu yake umesimama mnara wa jiwe wa mita 143, unaitwa Aguglia, na wakwea miamba wanatoka mbali kuufuata. Upande wa kusini jabali limetobolewa na bahari likabaki tao. Tangu mwaka 1993 mahali hapa ni urithi wa asili unaolindwa, na mwaka 2025 pakawekwa nambari moja kwenye orodha ya fukwe 50 bora duniani. Sifa hiyo haikubadilisha kokoto hata moja, ila imefanya tiketi kuwa ngumu kupatikana.

Kwa boti au kwa miguu? Wengi hudhani boti ndiyo njia ya raha. Kwa vighuba vya jirani, Cala Mariolu au Cala Luna, ni kweli: unashushwa ufukweni na begi lako. Goloritzé sivyo. Boti ya injini haigusi ufuo, inasimama nje ya maboya, mita 200 hadi 300 kutoka nchi kavu, na anayetaka kukanyaga kokoto aogelee. Matangazo ya safari za siku nzima huonyesha picha ya Aguglia mbele kabisa, halafu abiria anagundua kwamba ataitazama akiwa amekaa kwenye boti. Anayeogelea vizuri sawa. Mwenye watoto wadogo au asiyejiamini majini, kwangu mimi hiyo ni pesa ya kutazama tu.

Mwenye kutaka boti yake mwenyewe anaweza kukodi ya mpira huko Santa Maria Navarrese au Arbatax. Sheria ya Italia haidai leseni kwa injini ndogo zisizozidi nguvu za farasi 40 hivi. Kutoka Santa Maria Navarrese ni kama kilomita 15, ukipita jiwe la Pedra Longa lenye mita 128 na kuizunguka rasi ya Monte Santu. Pale kwenye rasi ndipo bahari hubadilika ghafla: upande mmoja shwari, upande wa pili mawimbi yanagongana. Nanga itiwe kwenye mchanga, si juu ya majani ya baharini, maana majani hayo yanalindwa na nanga haikamati vizuri hapo. Kamba iachiwe mara tatu hadi tano ya kina. Mgeni huwa anaachia kamba ya kugusa chini tu, kisha anashangaa boti inasafiri yenyewe wakati yeye anaogelea.

Lakini njia yangu ni ya miguu, na ndiyo nitakayoieleza kwa urefu.

Tiketi kwanza. Idadi ya wanaoingia kwa miguu ina kikomo, watu 250 kwa siku, na msimu wa 2025 bei ilikuwa yuro 7 kwa kichwa. Nafasi huchukuliwa kupitia programu ya simu iitwayo Heart of Sardinia, siku kadhaa kabla. Usiiache hadi asubuhi ya safari, kwa sababu julai na agosti nafasi huisha mapema, na mlimani simu haishiki vizuri kiasi cha kulipia kitu. Tiketi ina saa ya mwisho ya kuingia na saa ya kuondoka, zisome. Wapo wanaonung'unika kuhusu kikomo. Mimi ningekipunguza zaidi. Mawe ya njia yamekwisha kulainishwa na nyayo, nami sitaki kuyaona yakiwa laini zaidi ya hapo.

Njia huanzia Su Porteddu, kwenye uwanda wa Golgo juu ya mji wa Baunei. Kutoka Baunei barabara inapanda kwa kona kali hasa, kisha inatulia kwenye uwanda wenye punda, mbuzi na nguruwe wanaozurura. Hapo pana maegesho na baa. Kahawa inywewe hapo, na choo kimalizwe hapo, maana chini hakuna duka, hakuna choo, hakuna bomba la maji.

Urefu ni kama kilomita 3.5 kwenda, na mteremko ni takriban mita 470. Robo saa ya kwanza hukupotosha, kwa kuwa unapanda. Watu huanza kuhema na kujiuliza kama wamekosea. Hawajakosea, wanafika kwenye mgongo wa kilima, bahari inachungulia kwa mbali, na kuanzia hapo ni kushuka tu kwenye bonde hadi mwisho. Sehemu ya juu ni mawe matupu na vichaka vya mreteni, jua linakupiga utosini. Katikati bonde linafunika, mialoni mikubwa inatia kivuli, na pembeni yapo mazizi ya zamani ya wachungaji yaliyojengwa kwa mawe na magogo ya mreteni chini ya jabali. Mwishoni kuna ngazi za mawe zenye kishikio cha mbao, nazo zinakutua ufukweni. Kushuka ni saa moja na robo hivi kwa mtu asiyekimbia. Kupanda ni saa moja na nusu hadi saa mbili.

Kinachowaangusha watu hapa si mwinuko, ni jiwe lenyewe. Ni jiwe la chokaa, na lile ambalo limekanyagwa sana hung'aa kama sabuni iliyolowa, hata siku kavu. Angalia rangi kabla ya kuweka mguu: kijivu chenye kuparuza kinashika, cheupe chenye kumeta kinateleza. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea kidogo, uzito uwe juu ya mguu na si nyuma ya kisigino. Anayeegemea nyuma kwa woga ndiye anayeteleza, maana kisigino hutangulia na mwili hubaki nyuma. Na kuna changarawe inayoviringika juu ya jiwe gumu kama gololi juu ya sakafu. Hapo ni heri kupita ukingoni mwa njia kwenye mawe makubwa yaliyokita.

Kwa hiyo viatu vya soli yenye meno, vilivyofungwa. Kila kiangazi ndala zinashuka njia hii miguuni mwa watu na zinapandishwa mkononi, gidamu imekatika, mwenyewe pekupeku juu ya mawe ya moto. Ndala zikae kwenye begi. Chini utazihitaji.

Maji: lita mbili kwa kila mtu mzima ni kiwango cha chini, tatu mwezi wa saba na wa nane. Kinachoharibika mara nyingi si kiasi, ni mgawanyo. Watu hunywa karibu yote ufukweni, kwenye raha, halafu wanaanza kupanda saa nane mchana wakiwa na vidole viwili vya maji ya vuguvugu. Lita moja ifungwe kando, isiguswe hadi saa ya kupanda. Chumvi nayo: zeituni, jibini la kondoo na pane carasau, ule mkate wa wachungaji mwembamba kama karatasi, mkavu, usioharibika kwa joto. Kwenye begi unavunjikavunjika, lakini ladha ni ile ile.

Upepo sasa. Maestrale hutoka kaskazini-magharibi, na kwa kuwa milima imesimama nyuma ya kighuba, siku ya maestrale maji yanaweza kulala kama kioo. Hapo ndipo pana hila. Upepo unateremka kwa mikupuo kutoka juu ya majabali na kusukuma kuelekea baharini. Godoro la hewa, boya la mtoto, ubao wa kupiga kasia, vyote huondoka polepole huku aliyelala juu yake amefumba macho. Siku ya maestrale kali, chochote cha kujazwa hewa kibaki kwenye begi. Pepo za mashariki, grecale, levante na scirocco, ni kinyume chake: zinaingia moja kwa moja, boti zinaahirishwa, mawimbi yanasaga kokoto kwa kelele. Na upepo ukikatika jioni, mawimbi yake hubaki hadi kesho yake. Usitazame utabiri wa siku ya safari peke yake, tazama na wa jana.

Kutoka majini siku kama hiyo kuna namna yake. Ukingo wa kokoto una mwinuko mkali na unakatika chini ya mguu. Ukisimama wima wimbi linakuvuta kwa nyuma na kukuangusha. Subiri wimbi kubwa lipite, jisogeze na linalofuata, kisha toka kwa mikono na magoti bila kuona haya, na usigeuke kuangalia bahari hadi ufike pakavu. Siku shwari, vaa viatu vya maji tu na uingie.

Ukiwa ndani, vaa miwani ya kuzamia. Chini ya ufuo huu kuna chemchemi: mvua inayonyesha juu ya uwanda hupenya kwenye mawe ya chokaa na kutokea baharini. Karibu na ukingo utahisi ukanda wa baridi ukikata tumboni ghafla, na ukitazama chini utaona maji yanatetemeka kama hewa juu ya lami ya mchana. Si miwani yako iliyochafuka. Ni maji matamu yakichanganyika na ya chumvi. Sogea mita chache, na kila kokoto inarudi kuonekana waziwazi.

Usitandike taulo lako chini kabisa ya jabali, hata kama kivuli kinakuita. Mbuzi hupita juu na kuangusha mawe, na ufuo wenyewe ulizaliwa kwa maporomoko. Kivuli kitakuja kwa miguu yake. Majabali yako upande wa magharibi, kwa hiyo mapema alasiri, kutegemea mwezi wa mwaka, jua hupotea nyuma yake na kokoto zinapoa. Ndiyo maana naona hakuna maana ya kufika saa sita. Anza kushuka saa moja na nusu au saa mbili asubuhi, upate rangi ya maji jua likiwa mbele yake, na kivuli kikigusa taulo ifungeni mizigo.

Kabla ya kupanda, kung'uteni taulo na mgeuze viatu juu chini. Kuchukua kokoto au mchanga Sardinia ni kosa lenye faini ya yuro 500 hadi 3,000, na mabegi hukaguliwa kwenye viwanja vya ndege. Chunguza hasa mifuko ya watoto.

Kupanda ni kwa mwendo ambao unaweza kuongea bila kukatika pumzi. Pumzikeni kwenye kivuli cha mialoni, si mkishaipita, kwa sababu ukiiacha hakuna kivuli tena hadi kwenye mgongo wa kilima. Aliyetegua mguu asilazimishwe kutembea; nambari ya dharura ni 112, na kama simu haishiki, mmoja apande hadi itakaposhika na mwingine abaki na majeruhi pamoja na maji. Ukishafika mgongoni zimebaki dakika kama kumi za kuteremka hadi Su Porteddu. Asubuhi acha chupa moja garini, imeviringishwa kwenye nguo nzito chini ya kiti, na madirisha yafungwe vizuri. Nguruwe wa Golgo wanajua begi la chakula kuliko mwenye begi.